UZI: Sarafu za zamani kwenye epoksi, ipi iingie na ipi usithubutu

MzeeWaThumuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Siku hizi ukienda kwenye maonesho ya wajasiriamali hukosi meza ya vitu vya epoksi, ile plastiki ya maji inayomwagwa ikaganda angavu kama kioo. Vishika funguo, hereni, saa za ukutani, trei za chai, na sasa sarafu. Senti za mkoloni zenye tundu, shilingi ya Mwenge, ishirini ya mbuni, thumuni ya sungura, zote zinamwagiwa. Mimi natengeneza vitu hivi na pia ni mkusanyaji wa sarafu, kwa hiyo hili jambo linanigusa pande zote mbili. Naona watu wanazika sarafu ambazo hazikupaswa kuguswa kabisa, na zile zinazofaa wanazimwagia hovyo mpaka mwaka haujaisha kibonge kimekuwa rangi ya samli na maandishi hayasomeki. Zote mbili ni hasara, na zote zinaepukika.

Kazi hii si ya jana. Akriliki, plastiki ngumu angavu, iliingia sokoni miaka ya 1930: DuPont waliiita Lucite, Röhm & Haas wakaiita Plexiglas, na ICI wa Uingereza wakaja na Perspex. Baadaye Wamarekani wakaanza kufungia humo kila kitu, maua, wadudu, na sarafu kwa wingi. Senti kumi na robo dola zao za matumizi za mwisho kutengenezwa kwa madini ya fedha ni zenye tarehe ya 1964, watu wakawa wanaziweka, na wauza mapambo wakaona biashara. Wakatengeneza mpaka viti vya choo vilivyojaa sarafu ndani. Mabenki ya uwekezaji nayo hadi leo yanapeana vibonge vya akriliki dili kubwa likikamilika. Ile ilikuwa kazi ya kiwandani. Sisi huku tunatumia epoksi ya chupa mbili, resini na hadina ya kuigandisha, ambayo mtu yeyote anaweza kuimwaga barazani kwake. Ndiyo maana inabidi tufundishane.

Tuanze na sarafu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotea.

Zinazofaa ni zile zilizotengenezwa kwa mamilioni na zimechoka kwa kutumika. Senti tano na kumi za Afrika Mashariki, zile zenye pembe mbili za ndovu zimekumbatia tundu, zipo nyingi mno kwenye makopo ya bibi zetu. Za Tanzania zilizoanza 1966 pamoja na shilingi yetu nazo zipo za kutosha: samaki, mbuni, sungura, mkono ulioshika mwenge. Pundamilia ya senti kumi ya 1977, ile yenye ukingo wa mawimbi, ikikaa kwenye epoksi inapendeza kuliko zote kwa maoni yangu, kwa sababu mwanga unacheza kwenye yale mawimbi.

Zisizofaa. Ukikuta rupia ya dhahabu ya mwaka 1916 yenye tembo, usiimwagie hata tone. Ile ni sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora kwenye karakana ya reli wakati wa vita, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na hawana pesa za kulipia. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu. Hata heller 20 (heller ni senti za Mjerumani) za Tabora za mwaka huo huo, ingawa ni za shaba nyekundu na shaba nyeupe, wakusanyaji wanazitafuta. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa hizo ni urithi wa nchi, wala si za biashara ya hereni. Ukiokota moja Kilwa au popote pwani, mahali pake ni makumbusho. Na yoyote inayong'aa kama imetoka kiwandani leo wakati ina miaka sitini, iache. Hali yake ndiyo thamani yake.

Sarafu ya namna hiyo inunulie kapsuli, ile ya plastiki ngumu ya mviringo inayofunguka. Inaonekana pande zote, haiguswi na vidole, na mjukuu wako akitaka kuiuza anaitoa.

Sasa kusafisha. Jamani, ndimu, majivu, dawa ya meno, stilwaya, achaneni navyo. Vinakwangua uso na mikwaruzo ile epoksi inaionesha zaidi, haiifichi. Kwa sarafu ya kawaida tumia asetoni safi: loweka dakika chache, toa kwa koleo, weka kwenye kitambaa ikauke. Asetoni inaondoa mafuta ya vidole bila kula chuma. Mafuta yakibaki utaona baadaye kivuli cha fedha kuzunguka sarafu, epoksi imeachia. Rangi ya uzee ya kahawia iache ilivyo. Hiyo ndiyo sura ya sarafu iliyopita mikononi mwa watu.

Kumwaga.

Soma chupa. Kuna epoksi za moja kwa moja, kuna za mbili kwa moja. Na angalia kama kipimo ni cha ujazo au cha uzito, maana resini ni nzito kuliko hadina, kwa hiyo moja kwa moja ya ujazo ukiipima kwa mizani umeharibu. Ukizidisha hadina ukidhani itakauka haraka, haikauki haraka, inabaki laini milele. Koroga polepole dakika tatu hadi tano, kwangua pembeni na chini, halafu hamishia kikombe kingine safi ukoroge tena kidogo. Kile cha kwanza kina resini isiyochanganyika imeganda kutani, na hiyo ndiyo inayoleta madoa yanayonata.

Sarafu inazama. Ukimwaga mara moja na kuitupia, itaenda kulala chini na upande mmoja utakuwa umegusa moldi, yaani kalibu unayomwagia. Kwa hiyo unamwaga tabaka la kwanza, unasubiri mpaka ukiligusa kwa kijiti cha meno linanata ila halivutiki uzi. Kwa joto la Dar inachukua muda wa saa tatu, nne au tano, chapa kwa chapa. Hapo unaipaka sarafu epoksi nyembamba chini, unailaza kwa kuiinamisha, ukingo mmoja kwanza, hewa itoke upande wa pili. Halafu tabaka la juu. Ukichelewa mpaka la kwanza likauke kabisa, mstari wa maungio utauona ukigeuza kibonge pembeni.

Senti yenye tundu ina shida yake peke yake. Tundu linakamata hewa. Ukishailaza, chovya kijiti cha meno kwenye epoksi, dondosha tone katikati ya tundu, zungusha taratibu mpaka kiputo kipande juu na kupasuka. Usiruke hatua hii, maana kiputo kikibaki pale katikati ya pembe za ndovu, jicho la mtu haliendi kwingine.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti_Pangani

Uzi mtamu sana mzee wangu, naweka kambi hapa. Swali langu: yangu ikikauka inakuwa na utando juu kama mafuta, ukishika kidole kinateleza, na ndani imepauka kama ukungu. Dukani wameniambia ni chapa mbaya. Nimebadilisha chapa, bado vilevile. Nipo karibu na bahari.

---

MzeeWaThumuni

Binti_Pangani, umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho mwanangu. Ni unyevu. Hadina za epoksi nyingi zinavuta unyevu na hewa ukaa kabla hazijamaliza kushikana na resini, na matokeo ndiyo huo utando. Masika pwani ni balaa. Fanya hivi: mwaga katikati ya siku siku kavu, si usiku wala alfajiri kwenye umande. Funika moldi kwa boksi la plastiki na uweke humo vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya, vingi. Chupa ya hadina ifunge mara tu ukishamimina, usiiache wazi ukikoroga.

Utando wa juu unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, haujaharibu kitu. Ila uoshe kabla ya kumwaga tabaka linalofuata, la sivyo tabaka hazitashikana. Ukungu wa ndani hautoki.

---

Seremala wa Keko

Mkuu hapo kwenye joto niongezee kitu, maana mimi namwaga meza. Epoksi ikikauka inatoa joto lake yenyewe, na ikiwa nyingi sehemu moja joto linajiongeza. Nimeona kikombe kikifuka moshi na kupasuka kwa sababu mtu alikoroga nusu lita akakaa anapiga stori nacho mkononi. Kwa joto letu muda wa kazi unaoandikwa kwenye chupa gawa kwa mbili, maana wale wameupima kwenye chumba baridi. Koroga kidogo kidogo. Na usimwage kibonge kinene mara moja hata kama unaona uvivu, kitapasuka katikati na kitakuwa njano siku hiyo hiyo.

Pia afya. Glavu za nitrili, si zile za mpira mwembamba wa hospitali tu. Ngozi ikishaikataa epoksi, inaikataa maisha yote. Nina mwenzangu karakana akisogelea chupa tu mikono inavimba, na alikuwa fundi mzuri sana. Ukipiga msasa piga na maji, na uvae barakoa ya vumbi. Vumbi la epoksi ambayo haijakomaa ni baya kuliko la mninga.

---

MzeeWaThumuni

Seremala umemaliza kila kitu. Wanaoanza wasome posti yako mara mbili.

---

Kibokoni1

Salaam kutoka Mombasa. Hapa kwetu vijana wanazifungia zile za shilingi arobaini, zilizotolewa 2003 nchi ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru, zenye sura ya Kibaki. Wengine wanapanga seti ya mpya za tangu Desemba 2018: twiga, kifaru, simba, ndovu. Nauliza, sheria inasemaje? Kuna mtu ameniambia nikiuza pesa ndani ya plastiki naweza kushikwa.

---

MzeeWaThumuni

Kibokoni1, karibu sana. Msimamo wangu ni kwamba sarafu inayotumika dukani leo usiiguse kibiashara. Tumia zilizokwishaondoka. Nchi nyingi zina kifungu cha kuharibu sarafu na kila moja ina namna yake. Marekani sheria inamlenga anayeharibu kwa nia ya ulaghai. Uingereza, sheria yao ya sarafu ya 1971 inakataza kuyeyusha na kuvunja. Sisi epoksi haikati wala haitoboi, lakini unaiondoa pesa mkononi mwa watu, na benki kuu yoyote haitalifurahia hilo ukilifanya kwa maelfu. Moja ya kumbukumbu ya mwanao alipozaliwa ni jambo lingine na la kuuza gunia ni jambo lingine.

Kwa seti ya wanyama, kitu kimoja cha kiufundi: zile zenye rangi mbili, duara ndani ya duara, zina mwanya mwembamba sana pale vyuma vinapokutana. Hewa inatokea humo tabaka likishamwagwa, utaona mkufu wa viputo vidogo. Zipake epoksi nyembamba mapema, acha ikauke, ndiyo uziweke.

---

Mtrah

Niko Maskati, asili Unguja. Marehemu babu aliacha reali za Maria Theresa, zote zimeandikwa 1780. Dada yangu anataka tugawane, kila mmoja ya kwake iwe kwenye kibonge chenye jina la babu. Mjomba anasema ni dhambi kuharibu kitu cha miaka zaidi ya mia mbili. Nani mkweli?

---

MzeeWaThumuni

Mtrah, pole kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi. Mjomba heshima yake iko palepale, ila tarehe hiyo isiwatishe. Reali hiyo iliaminiwa sana biashara ya Bahari ya Hindi na Arabuni hata ikawa inaendelea kupigwa na tarehe ileile ya 1780, miaka na miaka baada ya Maria Theresa mwenyewe, malkia wa Austria, kufariki, katika viwanda vya nchi mbalimbali. Vienna wanaipiga mpaka leo. Gramu 28 na kidogo, fedha 833 katika elfu. Kwa hiyo ya kwenu inaweza kuwa ya zamani sana au ya juzi.

Mpelekeeni mtu anayezijua kwanza, aziangalie moja moja. Zipo alama ndogo kwenye mavazi na mabawa ya tai zinazotofautisha kiwanda na kiwanda. Zikiwa za kupigwa upya za kawaida, fanyeni mnachotaka. Lakini nikiwa mimi, na ni fedha, na ni ya babu, ningeiweka kwenye kapsuli na kapsuli nikaisimamisha juu ya kitako cha epoksi chenye jina lake. Kila mtu nyumbani ataridhika na mjomba naye.

---

Mkusanyaji Huru

Mimi nitakwenda kinyume na mleta uzi kwa heshima zote. Hakuna sarafu ya kufungia. Unasema senti kumi zipo nyingi, je unaangalia kila moja? Senti za 1936 za Edward wa Nane watu wanazimwagia bila kujua. Yule mfalme aliachia ngazi Desemba mwaka huohuo, kwao Uingereza hakuna sarafu ya matumizi iliyotoka na sura yake, lakini huku kwetu senti tano na kumi zenye jina lake zilitoka kwa sababu zina tundu, hazihitaji sura. Hiyo ni historia ya dunia imelala kwenye kopo la Kimbo. Na shilingi za simba za kuanzia 1921 mpaka 1946 robo yake ni fedha. Mtu anamwagia fedha anauza kishika funguo.

---

MzeeWaThumuni

Mkusanyaji Huru, hoja yako naipokea nusu. Kweli kila sarafu isomwe kabla. Mimi nasoma kwa kioo cha kukuzia: mwaka, jina la mfalme, na herufi ndogo ya kiwanda. H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili. Nikimaliza naiandika kwenye daftari na kupiga picha pande zote mbili, na mteja namwambia alichonacho. Za Edward nyingi kwa kweli si ghali, zilitoka za kutosha, lakini anayeletewa anapaswa kujua ana nini mkononi.

Nusu nyingine siipokei. Senti hizo zikibaki kwenye kopo la Kimbo mwisho wake ni chakavu. Nimekuta mafungu ya senti za shaba kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma, zinakwenda tanuruni. Mtoto wa shule anayetembea na pembe za ndovu na neno EAST AFRICA kwenye funguo zake ataniuliza ni nini, na nimeulizwa sana. Hajawahi kuniuliza chochote kuhusu sarafu iliyofungiwa kwenye albamu kabatini kwangu.

---

Mkusanyaji Huru

Hapo kwenye chakavu nimekuelewa. Ila andika mwaka, tafadhali. Wengi hawaandiki.

---

Ohio Mswahili

Wakuu niko Columbus. Huku senti moja yao wameacha kuipiga kwa matumizi, ya mwisho ilipigwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025. Baa na migahawa kadhaa wana kaunta na sakafu zimejaa senti chini ya epoksi. Nataka kufanya meza ndogo ya sebuleni. Ushauri? Na je nichague za miaka gani?

---

Seremala wa Keko

Ohio, za kabla ya 1982 ni shaba asilimia 95, zinabadilika rangi vizuri, utapata kahawia za kila aina. Za baadaye ni zinki iliyopakwa shaba, zikichunika zinaoza vibaya. Gundisha kila moja kwanza, usizipange tu na kumwaga, zitaelea na kusogea kwa hewa iliyo chini. Ziba mbao kwa tabaka jembamba kabla ya yote, mbao ndiyo inayotoa viputo vingi kuliko sarafu. Kisha mwaga milimita chache chache. Pitisha moto wa gesi juu kwa haraka, usisimame sehemu moja. Mashine ya nywele usitumie, inapuliza vumbi na nywele za paka.

---

Binti_Pangani

Nimejaribu boksi na vifuko, imetoka safi kama maji! Asante sana. Sasa mteja analalamika kishika funguo chake kimepinda alipokiacha kwenye dashibodi.

---

MzeeWaThumuni

Hongera sana mwanangu, umenifurahisha.

Epoksi ya kawaida inayokauka bila kuchomwa inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 hivi, na dashibodi juani inapita hapo. Kitie kwenye maji ya moto, kitalainika, kinyooshe kwenye kigae na uache kipoe kikiwa kimebanwa. Njia hiyohiyo ndiyo ya kumwokoa mtu aliyezika sarafu asiyopaswa: maji ya moto, kisu kikali, taratibu kutoka pembeni, sarafu yenyewe usiiguse na ncha. Ikiwa ni akriliki ya zamani ya kiwandani, asetoni inailegeza kwa kulowekwa muda mrefu. Zile dawa kali za kuondolea rangi msizitumie ndani ya nyumba, mvuke wake unaua.

Ukiuza, mwambie mteja asiache juani. Mbali na kupinda, jua ndilo linaloleta unjano. Chapa zenye kinga ya miale zinachelewesha tu.

---

Mtrah

Tumewapelekea wajuzi. Mbili ni za zamani, zimekwenda kwenye kapsuli. Zilizobaki ni za kupigwa upya, tunazimwagia. Tunataka kuweka karatasi yenye jina la babu chini ya reali. Kuna la kuzingatia?

---

MzeeWaThumuni

Lipo, Mtrah. Karatasi ikinywa epoksi inakuwa kama imelowa mafuta, unaona kupitia, na wino wa printa ya maji unatambaa. Chapisha kwa printa ya leza, paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili na kingo zake, mara mbili, ikauke kabisa kabla ya kuiweka. Jina liandike kubwa kidogo kuliko unavyodhani, na liwe pembeni ya reali badala ya chini yake, maana ile ina upana wa sentimita nne na itafunika. Moldi chukua ya sentimita saba au nane. Na weka mwaka aliozaliwa na aliofariki, pamoja na mji.